Muhuri mmoja si sarafu 20,000

Siku hizi kila anayeniletea tetradrakma, yaani sarafu ya kale ya fedha ya drakma nne, yenye bundi wa Athens huja na hesabu yake mfukoni. Amesoma mahali kwamba muhuri mmoja (kipande cha metali kilichochongwa picha, cha kupigia sarafu) ulifua sarafu 20,000, akachukua mihuri iliyoorodheshwa, akazidisha, na sasa anataka nimthibitishie kuwa sarafu yake ni moja kati ya milioni moja na ushei. Wanafunzi nao wananiandikia yale yale kwenye tasnifu, ila wao huongeza tanbihi. Basi tuanze na hilo.

Dhana: kila muhuri ulitoa sarafu 20,000

Hapana. Hiyo ni namba ya kufanyia kazi ambayo watu wameigeuza kipimo. Msingi wake ni mwembamba kuliko wengi wanavyodhani. Upo upande wa majaribio: mwaka 1963 David Sellwood alichapisha matokeo ya kufua sarafu kwa nyundo kwa namna ya Kigiriki, na muhuri wa chini, ule unaokaa kwenye fuawe, ulionyesha kwamba unaweza kuvuka mapigo 10,000, huku wa juu, unaopigwa nyundo, ukichoka mapema zaidi. Halafu ipo Delphi. Huko, katika miaka ya 330 KK, baraza la Amfiktioni, yaani muungano wa Wagiriki uliosimamia hekalu la hapo, lilitengeneza sarafu zake, na hesabu za fedha zilichongwa kwenye mawe ambayo tunayo mpaka leo. Philip Kinns aliweka uzito wa fedha hiyo upande mmoja na idadi ya mihuri upande wa pili, akapata zaidi ya 20,000 kwa kila muhuri wa chini. Ila jibu lake lilikuwa masafa, si namba moja, na ncha ya juu ya masafa hayo ni takriban mara mbili ya ile ya chini. Tena hapo tunakubali kwamba fedha yote iliyoandikwa ilifuliwa kweli.

Kwa hiyo tuna mji mmoja, tukio moja la muda mfupi, na fundi mmoja wa karne ya 20. Kwa msingi huo mtu anaihesabia Ugiriki nzima, karne tano!

Tazama kinachotokea ukizidisha. Chukua toleo lenye mihuri 75 ya chini. Talanta moja ni drakma 6,000, yaani tetradrakma 1,500. Kwa sarafu 20,000 kila muhuri unapata tetradrakma 1,500,000, sawa na talanta 1,000, au tani 26 hivi za fedha. Weka 10,000, unapata talanta 500. Weka 40,000, unapata 2,000. Thukydides, mwanahistoria wa Kigiriki wa enzi hizo, anasema kodi ya washirika wa Athens mwanzoni mwa vita vya Peloponnesos ilikuwa kama talanta 600 kwa mwaka. Pengo la makisio yako, basi, linameza kodi ya zaidi ya miaka miwili ya dola nzima, halafu unaniandikia "talanta 1,000" kama vile uliziona zikipimwa.

Na mihuri haikufa kwa umri mmoja. Mmoja hupata ufa asubuhi ya kwanza, mwingine hutumika hadi nywele za mungu wa kike Athena aliyechongwa humo zinakuwa bonge lisilo na mistari, mwingine huwekwa kando mzima kwa sababu fedha imekwisha. Wastani upo, sawa, lakini wastani wa mji huu hauna sababu ya kuwa wastani wa mji ule. Mtaalamu wa sarafu T. V. Buttrey alilipigia kelele jambo hili mwaka 1993. Alikwenda mbali mno aliposema hatuwezi kukisia kabisa, ila nikisoma baadhi ya tasnifu namwelewa.

Ushauri wangu ni ule ule: andika idadi ya mihuri ya chini, uishie hapo. Ukitaka kulinganisha miji miwili, linganisha mihuri kwa mihuri, ukizingatia uzito wa sarafu, maana muhuri wa drakma si sawa na muhuri wa tetradrakma.

Dhana: mihuri tunayoijua ndiyo yote iliyokuwepo

Ile 75 sikuiokota. Una sarafu 300 zilizotoka kwenye mihuri 60 ya chini. Zidisha 300 kwa 60, gawanya kwa tofauti yake, 240: unapata 75. Mihuri 15 bado haijaonekana. Sasa chukua sarafu 60 zenye mihuri 40. Kwa hesabu hiyo hiyo inaruka hadi 120, na hapo mimi singeamini kitu. Mihuri mingi ikiwa na sarafu moja moja tu, sampuli yako haitoshi.

Dhana: muhuri wowote unahesabika

Hesabu wa chini, uliochomekwa kwenye fuawe. Wa juu ndio ulioonja nyundo moja kwa moja, hivyo uliisha haraka. Katika tetradrakma za Athens za mtindo mpya, zile ambazo bundi amesimama juu ya mtungi, muhuri wa juu ulibeba herufi ya mwezi. Mwezi ukiisha ulibadilishwa, au herufi yake ilichongwa upya, umechoka haujachoka.

Dhana: adimu leo, adimu zamani

Hazina ya Elmalı, Uturuki, ilipofukuliwa mwaka 1984, idadi ya dekadrakma (sarafu za drakma kumi) za Athens zinazojulikana iliongezeka takriban maradufu kwa mkupuo. Kiwanda cha Athens hakikufua hata moja zaidi. Uhaba wa leo unakuambia nini kilifukiwa kikasahaulika, na nini kiliyeyushwa.

Dhana: sarafu yangu haifanani na ya kwenye picha, basi ni bandia

Ni muhuri mwingine tu. Kila muhuri ulichongwa kwa mkono. Hata sarafu mbili za muhuri mmoja huachana kwenye ukingo, kwenye uzito kidogo, na kwenye jinsi picha ilivyokaa. Zinazonitia wasiwasi ni mbili zinazolingana mpaka mkwaruzo wa shavuni na mpasuko wa ukingoni, kwa sababu mkwaruzo huo sarafu moja iliupata ikiwa sokoni, haukutoka kwenye muhuri. Ukiletewa jozi ya namna hiyo, usilipe.