Yukikaze hakupona kwa bahati tu, na kwenye gemu anazama kama wengine

Mimi kazi yangu ni kuwasaidia wageni wa KanColle, gemu ya Kijapani ambayo wahusika wake ni meli za kivita za kweli, kupanga kikosi, na kuna swali moja sasa limenichosha kabisa, la huyu Yukikaze, destroya (meli ndogo ya kivita yenye kasi) wa Japani: "Yukikaze yuko taiha (ameharibika vibaya), nisonge mbele naye? Si ana luck (bahati) kubwa, hazami?" Mara nyingi likinifikia mtu keshasonga mbele, keshampoteza, anataka tu nimwambie gemu ina kasoro. Gemu haina kasoro jamani.

Hebu tuanze na gemu yenyewe maana ndiko watu wanakoumia. Yukikaze anaanza na luck 50 na akishafanyiwa remodel (kuboreshwa) anafika 60, wakati destroya wengi wako kwenye kumi na kitu, kwa hiyo namba ni kubwa kweli sibishi. Lakini luck inafanya nini? Kazi yake kubwa ni cut-in ya usiku, yaani shambulio maalumu lenye nguvu, ukimpa topido mbili anapiga kwa nguvu mara nyingi kuliko wenzake, na pia inamsaidia kidogo kukwepa. Basi. Haigusi kabisa suala la kuzama. Kuzama kunakuja pale meli imeshuka hadi robo ya HP (uhai wake) au chini yake, halafu wewe mwenyewe ukabonyeza kuendelea na pigano linalofuata. Akipigwa hapo ameondoka, harudi, na level zote ulizompandisha na vifaa alivyobeba vinaondoka naye. Kiongozi wa kikosi pekee ndiye hazami, au meli iliyobeba damekon, kifaa cha kuokoa meli isizame. Kwa hiyo ushauri wangu ni uleule siku zote na sitaubadilisha: ukiona taiha rudi bandarini, hata kama bosi yuko hatua moja mbele, hata kama ni dakika za mwisho za event (tukio la muda maalumu). Rudi.

Sasa hii imani imetoka wapi? Imetoka kwenye meli yenyewe, na huko nako watu wanaisimulia vibaya. Wanasema Yukikaze ilipona Vita vya Pili vya Dunia vyote kwa bahati tu, tena wengine wanaongeza kwamba ilikuwa inanyonya bahati ya wenzake, kila meli inayosindikizwa nayo inazama. Hii ya pili ndiyo inaniudhi zaidi, kwa sababu inawadharau mabaharia waliofanya kazi usiku na mchana.

Ukweli ni huu. Yukikaze ilikuwa destroya ya aina ya Kagero, zilijengwa 19 na ndiyo pekee iliyobaki mpaka vita vinaisha. Ilijengwa Sasebo, ikaanza kazi Januari 1940, ikapita mapigano ya Bahari ya Java, Midway, Guadalcanal, Bahari ya Bismarck ambako meli zote 8 za mizigo zilizama pamoja na destroya 4 kati ya 8, halafu Leyte, halafu safari ya mwisho ya Yamato, manowari kubwa ya Japani, Aprili 1945. Usiku wa pigano la Kolombangara, Visiwa vya Solomon, Julai 1943 ilikuwa na kifaa cha kunasa mawimbi ya rada ya adui, ndiyo maana Wajapani walijua adui yuko wapi mapema, na Wamarekani wakapoteza destroya Gwin. Hapo bahati iko wapi? Hicho ni kifaa na watu wanaojua kukitumia. Nahodha wake karibu na mwisho wa vita, Terauchi Masamichi, anasimuliwa kwamba alikuwa anatoa kichwa nje ya paa la chumba cha usukani, anaangalia mabomu yanavyoshuka, anapima pembe kwa rula ya pembetatu na anamwelekeza mshika njia kwa kumgusa bega kwa mguu, kulia, kushoto. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia alibahatika tu!

Bahati ilikuwepo, ndiyo. Ile siku ya Yamato roketi moja iliingia stoo ya chakula haikulipuka. Lakini roketi moja isiyolipuka haielezi miaka mitano.

Na hayo ya kunyonya bahati, tuchukue zile meli mbili wanazozitaja sana, manowari Kongo na Shinano ya kubeba ndege, zote zilizama Novemba 1944. Kongo ilipigwa na nyambizi ya Kimarekani Sealion, Shinano ikapigwa topido nne na nyambizi nyingine, Archerfish, siku kumi tu baada ya kukabidhiwa kwa jeshi la maji, ikiwa haijamalizika ndani, kazi ya kuziba maji haijakamilika na mabaharia wengi wageni. Yukikaze ilikuwepo mara zote mbili, sawa, lakini destroya Isokaze na Hamakaze nazo zilikuwepo mara zote mbili! Mbona hizo hamziiti mkosi? Kwa sababu zilizama Aprili iliyofuata, basi lawama zote anabaki nazo aliye hai. Destroya za Japani zilitengenezwa zaidi kwa ajili ya kupiga topido usiku, kuwinda nyambizi zilikuwa dhaifu, hilo ndilo jibu. Na Yamato ilishambuliwa na ndege zaidi ya 300, hapo hauhitaji mkosi wa mtu. Shigure, destroya mwingine, naye aliitwa mwenye bahati, akazamishwa na nyambizi Januari 1945.

Mengine nayamaliza haraka. Eti Yukikaze ilivunjwa mara tu vita vilipoisha: hapana, kwanza ilirudisha maelfu ya Wajapani nyumbani, halafu mwaka 1947 ikakabidhiwa kwa Jamhuri ya China, ikaitwa Tan Yang, ikatumika Taiwan miaka mingi, na KanColle wana remodel ya jina hilohilo kwa hiyo sio jina la kubuni. Eti Azur Lane, gemu nyingine ya meli za kivita, ni ya Kijapani na Yukikaze wa huko ndiye huyuhuyu: Azur Lane imetengenezwa na Wachina, ilitoka 2017, KanColle ni ya 2013, wahusika ni tofauti na namba hazifanani, usichukue ushauri wa gemu moja ukapeleka kwenye nyingine. Eti ukimpandishia luck kwa kutumia Maruyu (nyambizi ndogo ya kwenye KanColle) anakuwa salama zaidi: hazami kidogo wala zaidi, unaongeza cut-in na kukwepa kidogo tu, na Maruyu ni adimu, wape wale wenye luck ndogo unaowahitaji kwenye mapigano ya usiku.