Je, wajua kwa nini ukuta wa chombo huingilia mchanganyiko wa vimiminika?

Chukua kichupa cha kioo chenye maji na lutidini, kimiminika cha kikaboni kisicho na rangi. Kwenye joto la kawaida la chumba vimechanganyika kabisa, huoni mpaka. Kipashe polepole. Lutidini ikiwa karibu asilimia 28 ya uzito wote, ukikaribia nyuzi 34 za Selsiasi kichupa kinapiga ukungu mweupe. Ongeza joto kidogo tu, na vitu hivyo viwili vinaachana, kila kimoja na tabaka lake. (Michanganyiko mingi hutengana inapopoa, huu hutengana unapopata joto.)

Hapo penye ukungu tupaite nukta ya mpito. Molekuli za maji zinakusanyika na wenzao, za lutidini vivyo hivyo, makundi yanaundika na kuvunjika bila kutulia. Kadiri unavyoisogelea nukta hiyo, ndivyo makundi yanavyokua. Mbali nayo hayafiki hata nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ikibaki sehemu ya kumi ya nyuzi, yanafika nanomita 30 hivi. Ikibaki sehemu ya mia, yanapita 100. Makundi ya ukubwa huo hutawanya mwanga, na ndiyo maana unaona ukungu.

Sasa uje ukuta. Kioo kisafi hupenda maji. Kikipakwa kemikali inayokataa maji, huvuta lutidini. Kwa kawaida upendeleo huo huishia kwenye molekuli chache zilizogusana na kioo. Karibu na nukta ya mpito mambo ni mengine: kila molekuli inafuata jirani yake, jirani naye wa kwake, hivyo upendeleo wa ukuta unapenya ndani umbali uleule wa ukubwa wa makundi. Mchanganyiko uliobanwa kwenye upenyo mwembamba hauna tena katikati iliyo huru. Hata joto la kutengana kwake linahama.

Kuta mbili zikikaribiana, linatokea jambo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote. Mwaka 1978 wanafizikia Michael Fisher na Pierre-Gilles de Gennes walitabiri kwamba zitasukumana au kuvutana. Zikipenda kimiminika kimoja, tabaka zao zinaungana na mchanganyiko unapata nafuu, basi kuta zinavutwa pamoja. Zikipenda tofauti, mchanganyiko unalazimika kugeuka kutoka maji kwenda lutidini ndani ya nafasi finyu, jambo linalogharimu nishati, basi kuta zinasukumwa mbali. Nguvu hiyo haitoki kwenye kuta zenyewe. Inatoka kwenye kimiminika kilicho kati yao.

Mwaka 2008 watafiti wa Stuttgart, Ujerumani, waliipima moja kwa moja kwa mchanganyiko huohuo wa maji na lutidini. Punje ya polistirini, aina ya plastiki, yenye ukubwa wa mikromita chache (elfu za milimita) ilielea juu ya kioo, na mwanga wa leza ukapitishwa ndani ya kioo hicho ili kiasi kidogo tu kivuje juu ya uso wake. Punje ikishuka inang'aa zaidi, ikipanda inafifia. Kwa mng'ao huo walijua iko umbali gani. Nguvu waliyoipata haikufika sehemu moja ya trilioni ya nyutoni (kipimo cha nguvu), lakini ilitosha kuivuta punje. Walipobadilisha upendeleo wa uso mmoja, mvuto ukageuka msukumo.

Chembe za silika, madini yanayotengenezea kioo, kwenye mchanganyiko wa aina hii huonyesha jambo linalofanana: joto likikaribia nukta ya mpito zinashikana, likirudi nyuma kidogo zinaachiana na kutawanyika upya.