Nani Humchagulia Bingwa Baiskeli? Dhana Potofu Kuhusu Vifaa na Udhamini

Kila Julai, Tour de France, mbio kuu za baiskeli za Ufaransa, zikianza, maneno ni yale yale: fulani kashinda kwa sababu ya baiskeli, fulani kaangushwa na gia, timu ile inaogelea kwenye pesa za televisheni. Mengi ya maneno hayo yana chembe ya ukweli, ndiyo maana hayafi. Nimeyachukua yale ninayoyasikia zaidi. Sitayapa nafasi sawa, maana mengine yanamalizwa na sentensi tatu.

Dhana: Mabingwa hupanda baiskeli waliyoiona kuwa bora kuliko zote

Baiskeli huchaguliwa mezani, kwenye mkataba kati ya timu na kiwanda, na mara nyingi mwendeshaji hayupo kwenye meza hiyo. Mkataba hutaja fremu, seti ya gia, magurudumu, tairi, usukani, tandiko, helmeti, miwani, hata chupa ya maji na kishikio chake. Akihama timu mwisho wa mwaka, anaacha vyote na kuanza kuzoea vingine. Uhuru anao, ila mdogo. Anaweza kuchagua umbo la tandiko ndani ya bidhaa za mdhamini yule yule. Viatu timu nyingi humwachia mwenyewe, kwa kuwa kiatu kikilitesa goti, msimu umekwenda na maji. Walio juu kabisa huja na wadhamini wao binafsi, na ndiyo sababu Mbelgiji Wout van Aert huonekana na helmeti yenye rangi za Red Bull wakati wenzake wamevaa ya timu.

Kama chaguo lingekuwa la mwendeshaji, tusingekuwa na historia ndefu ya stika za uongo. Mwaka 1988 Mmarekani Andy Hampsten alishinda Giro d'Italia, mbio za kuzunguka Italia, ile ya theluji ya mlima Gavia, akiwa juu ya baiskeli iliyoandikwa Huffy. Huffy ilijulikana Marekani kwa baiskeli za bei rahisi za madukani, na kwa kiwanda hicho ule ulikuwa ushindi wa ndoto. Lakini fremu ile ilichomelewa na fundi John Slawta katika karakana yake ndogo, kisha ikapakwa rangi na kubandikwa jina la mdhamini. Mwaka 1999 ilikuwa hivyo hivyo: baiskeli ambayo Mmarekani Lance Armstrong aliitumia katika Tour kwenye mbio dhidi ya saa, yaani zile za kila mmoja kukimbia peke yake kwa kupimwa muda, ilisomeka Trek, ilhali fremu ilitoka kiwanda kingine, Litespeed, na ilikuwa ya titani. (Ushindi wake wenyewe ulifutwa baadaye kwa habari ya dawa za kusisimua misuli, lakini hiyo ni kesi nyingine.)

Kwenye tairi mchezo huo umechezwa zaidi. Kwa miaka mingi, siku ya Paris–Roubaix, mbio za Ufaransa zinazopita kwenye barabara za mawe, mafundi waligundisha kwenye ringi tairi za pamba zilizoshonwa kwa mkono na karakana kama FMB na Dugast, kisha wakaficha lebo au kuandika jina la mwingine, kwa sababu tairi za mdhamini zisingevumilia mawe yale. Siku hizi, ukitaka kujua timu inaamini nini hasa, tafuta kifaa kisicho na jina. Timu ya Ineos ilidhaminiwa na Shimano, watengenezaji wa gia na magurudumu, lakini njia ikipanda milima wakatoa magurudumu ya kampuni nyingine, Lightweight, meusi tititi, bila herufi hata moja. Mdhamini hujua. Hufumba macho mpaka mahali fulani, kwa sababu picha ya ushindi yenye gurudumu moja lisilo lake bado ina faida kuliko picha ya kushindwa iliyojaa majina yake.

Dhana: Breki za diski ziliingia kwa sababu waendeshaji walizidai

Hapa ndipo mambo yamepindishwa zaidi. Breki hizi hubana sahani ya chuma katikati ya gurudumu badala ya ringi. Shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, lilianza kuzijaribu mwaka 2015. Aprili 2016 Francisco Ventoso alijeruhiwa mguu vibaya kwenye Paris–Roubaix na kusema diski ndiyo iliyomkata. Majaribio yakasimamishwa, na waendeshaji wengi hawakulia. Ruhusa kamili ilikuja Julai 2018.

Sasa tazama kilichofuata. Geraint Thomas alishinda Tour ya 2018 kwa breki za kawaida za kubana ringi. Egan Bernal akashinda ya 2019 kwa breki hizo hizo. Mwaka 2020, kwenye mbio dhidi ya saa za kilomita 36.2 hadi kilele cha La Planche des Belles Filles, Tadej Pogačar alianza akiwa nyuma ya Mslovenia mwenzake Primož Roglič, aliyekuwa akiongoza, kwa sekunde 57. Alishuka kwenye baiskeli yake ya mbio za saa chini ya mlima, akapanda baiskeli nyepesi ya Colnago yenye breki za ringi, na akamaliza Tour akiwa mbele kwa sekunde 59. Tour tatu tangu mlango kufunguliwa, na washindi wote watatu hawakupita mlangoni. Sababu zao zilieleweka: uzito kidogo na gurudumu linalobadilishwa haraka tairi ikitoboka.

Kilichobadilika baadaye ni duka. Viwanda viliacha kutengeneza fremu za hali ya juu zenye nafasi ya breki za zamani, kwa hiyo timu ambayo kazi yake ni kuonyesha bidhaa mpya haikuwa na cha kuchagua. Je, diski ni mbaya? La hasha. Kwenye mvua na mteremko mkali zinasimamisha vizuri zaidi, na leo ni wachache wanaotaka kurudi nyuma. Lakini anayesema waendeshaji ndio walioomba anakuwa ameigeuza hadithi miguu juu.

Dhana: Kifaa kikishindwa kwa timu moja, kifaa ni kibovu

Timu ya Aqua Blue Sport ya Ireland iliingia msimu wa 2018 na baiskeli ya 3T Strada, yenye gia moja tu ya mbele (duara la meno penye pedali) badala ya mbili. Cheni ziliruka, mapengo kati ya gia yalikuwa makubwa, waendeshaji walilalamika, na mmiliki wa timu akalalamika hadharani dhidi ya kifaa ambacho timu yake mwenyewe ilipaswa kukitangaza. Agosti mwaka huo timu ikavunjika, ingawa matatizo yake hayakuwa ya baiskeli pekee. Mashabiki wakahitimisha: gia moja ya mbele haifai barabarani.

Miaka mitano baadaye, 27 Mei 2023, Giro d'Italia iliamuliwa kwenye kijia kikali cha Monte Lussari. Roglič alipanda na gia moja ya mbele, na nyuma gia pana za aina inayotumika kwenye barabara za changarawe. Cheni ilimtoka! Akasimama, akairudisha, akasukumwa, na bado akatwaa Giro kwa sekunde 14 mbele ya Geraint Thomas. Wazo la kiufundi lilikuwa lile lile. Tofauti ni kwamba Roglič alilichagua kwa mlima mmoja, kwa siku moja, baada ya kupiga hesabu ya mwinuko wake, ilhali Aqua Blue walifungwa nalo msimu mzima, tambarare, milima na upepo wa pembeni, kwa sababu ndivyo mkataba ulivyosema.

Dhana: Baiskeli nyepesi kuliko zote ndiyo hushinda

Tangu mwaka 2000 baiskeli ya mashindano hairuhusiwi kupungua kilo 6.8. Zamani mafundi waliongeza hata vipande vya madini ya risasi ili zifike uzito huo. Siku hizi nyingi zinazidi kikomo hicho, kwa kuwa timu zimegundua kwamba kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa adui ni hewa, na fremu inayokata upepo inafidia gramu zake. Ndiyo sababu tairi nazo zimenenepa: milimita 23 ndiyo ilikuwa kawaida, leo 28 au 30, na zaidi kwenye mawe.

Dhana: Wanatumia mitambo ya siri ambayo sisi hatuwezi kuinunua

Kanuni za UCI zinadai kinyume: kifaa cha mashindano lazima kiuzwe kwa umma, na cha majaribio hupewa muda maalumu kabla hakijaingia sokoni. Bei ni suala jingine. Kuna mbinu ya kuweka bei ambayo hakuna atakayeimudu, na baadhi ya vifaa vya mbio dhidi ya saa vinanuka mbinu hiyo.

(Hawa UCI, kwa taarifa yako, hupima hata urefu wa soksi. Isipite nusu ya umbali kati ya kifundo cha mguu na goti.)

Dhana: Timu huishi kwa haki za televisheni na zawadi

Laiti ingekuwa hivyo. Tour ni mali ya kampuni binafsi, ASO, na pesa za haki za kurusha matangazo hazigawanywi kwa timu. Barabarani hakuna tiketi: watazamaji hujipanga kando ya njia bure. Mshindi wa Tour hupata euro 500,000, nazo kwa desturi hugawanywa kwa wenzake na wafanyakazi wa timu, wakati bajeti ya timu kubwa ni makumi ya mamilioni ya euro kwa mwaka. Pengo hilo lote hujazwa na mdhamini. Kwenye soka jina kifuani ni nyongeza juu ya mapato mengine; hapa jina kifuani ndilo mapato.

Haikuanza hivyo. Mwanzoni waliolipa ni viwanda vya baiskeli vyenyewe, kina Bianchi na Legnano. Baada ya Vita vya Pili watu wakaanza kununua skuta na magari, mauzo ya baiskeli yakaporomoka, na mwaka 1954 Mwitaliano Fiorenzo Magni akafanya kilichoonekana kufuru: akaleta jina la Nivea, mafuta ya kujipaka, kwenye jezi yake. Waandaaji walinung'unika. Leo msafara mzima umejaa majina ya kampuni za bahati nasibu, mikopo, sakafu, programu za kompyuta na maduka makubwa.

Viwanda vya baiskeli havikuondoka, ila nafasi yao ilibadilika. Kwa timu kubwa kiwanda hutoa mamia ya baiskeli na juu yake fedha taslimu. Timu ndogo mara nyingi hujinunulia, kwa punguzo. Neno "bure" halimo popote.

Dhana: Mdhamini ndiye mwenye timu

Mara nyingi timu ni kampuni ya uendeshaji inayokodisha jina lake. Chukua ile inayoitwa leo Visma–Lease a Bike. Imekuwa Kwantum, Superconfex, Buckler, WordPerfect, Novell, kisha Rabobank kuanzia 1996. Oktoba 2012, ripoti ya dawa kuhusu Armstrong ilipotikisa mchezo, benki hiyo ikajiondoa. Timu ikaanza 2013 ikiitwa Blanco, yaani tupu, ukuta unaosubiri bango. Ikapata Belkin, baadaye Lotto, Jumbo, Visma. Wengine hawakubahatika: HTC-Highroad, iliyokuwa ikishinda karibu kila wiki, ilifungwa mwisho wa 2011 kwa kukosa mdhamini. Mwendeshaji anaweza kuwa kwenye kiwango chake bora na Septemba akawa hajui nani atamlipa Januari. UCI hudai dhamana ya benki ili mishahara isipotee kabisa, lakini dhamana hiyo haiwezi kuokoa kazi.

Dhana: Kwenye Mashindano ya Dunia nchi ndiyo hutoa baiskeli

Nchi hutoa jezi. Kigali, Septemba 2025, Pogačar alishinda akiwa na jezi ya Slovenia juu ya Colnago ya timu yake ya UAE. Remco Evenepoel, mshindi wa pili, alikuwa na jezi ya Ubelgiji juu ya Specialized, na kilichomtesa siku hiyo ni kitu kidogo sana. Aligonga shimo, tandiko likashuka. Akabadilishiwa baiskeli. Ya pili ilikuwa ya aina ile ile, ila tandiko lake halikukaa sawa na alivyozoea, mgongo na miguu ikaanza kumbana, akasimama kando kwa hasira kungoja ya tatu. Mjadala mkubwa wa nani anapanda chapa gani ulimalizwa na tandiko lililoinama kidogo tu.

Dhana: Kanuni za vifaa hazimwangalii mtu usoni

Zimeandikwa kwa lugha isiyotaja kampuni, lakini huangukia mkataba wa mtu. Mwaka 2025 UCI ilitaka kujaribu kikomo cha gia kwenye Tour of Guangxi, China, kwa hoja ya usalama: gia kubwa kabisa iwe meno 54 mbele na 11 nyuma. Shimano haikuguswa sana. SRAM, washindani wao, ambao seti zao za gia zina gia ya nyuma ya meno 10, wangelazimika kuzuia gia yao wenyewe isifanye kazi, na timu zilizosaini nao zingekimbia na vifaa vilivyopunguzwa. Kampuni ikapeleka malalamiko kwa mamlaka ya ushindani ya Ubelgiji, na Oktoba mamlaka hiyo ikaamuru jaribio lisimamishwe. Guangxi ikakimbiwa bila kikomo.