Saa nane usiku si sababu

Wiki hii nimeambiwa mara tatu. Kwanza mhasibu, kisha kijana wa mauzo ambaye hata sikujua kama ananifahamu, na jana bosi mwenyewe, tumekaa Kirumba tunasubiri sato wa kukaanga: "Kaka, si uiweke tu iende yenyewe saa nane usiku? Wewe umelala, yenyewe inapiga kazi." Nilicheka kwa adabu nikaendelea na samaki wangu. Ya nne sitaicheka, ndiyo maana naandika.

Mimi napanga jobu za usiku, yaani kazi ambazo kompyuta inazifanya yenyewe, kwa kampuni inayonunua samaki. Vituo vya kupokelea, vya visiwani na vya huku bara, hutuma mafaili ya uzito jioni. Jobu moja inayakusanya, ya pili inapiga bei kwa daraja la samaki, ya tatu inatengeneza faili la malipo ya mawakala linalokwenda kwenye pesa za simu, ya nne inaingiza kwenye leja, ya tano inatoa ripoti ambayo bosi anaisoma kabla hajapiga mswaki. Ukiongeza vijukuu vyake zinafika 60 na kitu.

Imani inayonichosha ni kwamba kupanga jobu ni kuchagua saa.

Kroni, programu inayoanzisha jobu saa ikifika, ndiyo iliyotulea hivyo. Ipo tangu mfumo wa kompyuta wa Unix wa miaka ya 1970, na ile ambayo wengi tuliikuta kwenye Linux ina asili yake kwa mtunzi wa programu Paul Vixie, 1987. Siisemi vibaya. Unaipa vitu vitano, yaani dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya wiki, nayo inatii. Ina visirani vyake: alama ya % inaigeuza kuwa mstari mpya, na ukijaza tarehe pamoja na siku ya wiki haisubiri vyote viwili vikutane, kimoja kikitimia inaondoka. Hivyo unajifunza kwa kuumia mara moja. Tatizo kubwa ni kwamba haijui kitu kingine chochote zaidi ya saa. Haijui faili limefika au bado. Haijui kama jobu ya jana ingali inahema. Itakuja kuanzisha nyingine juu yake.

Miaka michache iliyopita ratiba yangu ilikuwa hivi: kukusanya saa 6:30 usiku, kupiga bei saa 7:15, malipo saa 8:00. Zile nafasi katikati sikuzipima. Nilizikadiria kwa jicho, kama chumvi. Zikaenda vizuri kwa miezi, nikajiona fundi.

Usiku mmoja ziwa likachafuka, mtandao wa Ukerewe ukakatika, na jobu ya kukusanya ikaganda ikisubiri. Yenyewe ndiyo huondoa mafaili ya jana kwenye folda kabla ya kuweka ya leo. Saa 7:15 jobu ya bei ikaamka, ikakuta mafaili kwenye folda, ikayapigia bei. Ya jana. Saa 8:00 kamili malipo yakatoka. Samaki walewale wakalipwa mara ya pili, na jobu zote mbili zikaandika kwenye logi, daftari lao la matukio, kwamba zimemaliza salama. Simu zilianza saa 12:30 asubuhi, zote za mawakala ambao hawajaona pesa yao. Waliolipwa mara mbili hakupiga hata mmoja.

Kwenye kikao ikasemwa "mtandao ulituangusha". Mtandao wa visiwani kukatika ni jambo la kawaida kama dagaa kuanikwa. Kosa lilikuwa langu: niliandika kwamba sababu ya kulipa ni saa nane kufika. Sababu ya kulipa ni kwamba bei ya samaki wa siku hiyo imeshapigwa, na bei inapigwa kwa sababu mafaili yote ya siku hiyo yameshaingia. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa 2025, dereva wa basi la Sengerema angeweza kutoka Mwanza kwa dakika anayotaka. Kuvuka alivuka kivuko kikiwa upande wake. Hakuna aliyemfundisha hilo darasani.

Basi tukaunganisha: hii isianze mpaka ile imefaulu. Watu wengi wanadhani hapo kazi imekwisha, na hapo ndipo ninapoanza kuchemka.

"Faili limefika" maana yake nini? Faili linaonekana kwenye folda tangu baiti ya kwanza inapoingia. Jobu ikilichukua wakati huo inachukua nusu, na nusu ya faili haina harufu. Inasomeka vizuri kabisa. Kwa hiyo siku hizi kituo kinatuma kwa jina la muda, kikimaliza ndipo jina linabadilishwa kuwa la kweli. Mstari wa mwisho, tunauita mkia, unabeba idadi ya mistari na jumla ya kilo. Mkia ukisema kilo 4,812 nami nikijumlisha nikapata 4,812, naendelea. Nikipata 3,960 nasimama.

Halafu kuna kituo ambacho hakikupokea samaki siku hiyo. Kisipotuma kitu, nitajuaje kama hakuna samaki au hakuna mtandao? Lazima kitume faili tupu lenye mkia wa sifuri. Hili lilinichukua miezi. Msimamizi mmoja, mtu mzima wa kuheshimika, alinipigia: "Kijana wangu, unataka nikutumie kitu ambacho hakipo?" Nikamwambia ndiyo, mzee, hicho hicho. Sasa anatuma, na kila mara ananikumbusha kwamba ni upuuzi.

Kuisha nako si kufaulu. Jobu inapoisha inaacha namba: sifuri ni heri, nyingine yoyote ni shari. Kuna skripti, faili la amri za jobu, niliyokuwa nikipitisha maandishi yake kwenye `tee`, amri ya kunakili maandishi, ili yaingie kwenye logi. Kumbe namba niliyokuwa nikiisoma ni ya `tee`, ambayo siku zote ilikuwa na furaha. Skripti ilikuwa inakufa na mimi naona sifuri. Siku hizi `set -o pipefail`, mstari unaozuia shari ya amri ya mwanzo isifichwe na heri ya amri ya mwisho, iko juu ya kila skripti yangu ya Bash, na ninaikagua kwa wenzangu kama mama anavyokagua kucha za watoto.

Sasa saa zenyewe. Ukiniambia "iende saa mbili usiku", unamaanisha 20:00, lakini kijana mpya anayeandika kwenye kroni ataandika 2, na ripoti itatoka wakati majogoo wanakaribia kujinyoosha. Imetokea, na si mara moja. "Ijumaa usiku saa saba" ndiyo mbaya zaidi. Kwa kroni, saa 01:00 ya Ijumaa ni usiku ambao wengi hapa tungeuita wa Alhamisi. Mtu wa pwani akisema usiku wa Ijumaa anaweza kumaanisha ule unaotangulia Ijumaa yenyewe, na yuko sahihi kwa hesabu yake. Kwa hiyo sipokei tena ombi la namna hiyo. Niandikie "usiku wa kuamkia Jumamosi", maneno mazuri ambayo tunayo tayari na magazeti yanayatumia kila siku, na saa uweke kwa tarakimu 24.

Ongeza na seva. Zetu zimekodiwa mbali, saa yao ni UTC, ile saa ya marejeo ya dunia, nasi tuko saa tatu mbele. Jobu inayokwenda Mwanza saa 00:30 tarehe 1, kwa seva bado ni saa 21:30 ya jana, mwezi uliopita. Skripti ikiuliza "leo ni tarehe ngapi?" inajibiwa mwezi ambao wahasibu wameshaufunga. Dawa si kubadili saa ya seva. Dawa ni jobu isiulize kabisa. Ipewe tarehe ya biashara kama inavyopewa jina la faili: wewe unashughulikia samaki wa Jumanne. Hata ukiirudia Alhamisi mchana kwa sababu Jumanne ilianguka, bado inajua ni ya Jumanne.

Anayedhani haya ni mambo ya kampuni ndogo za samaki akaangalie yaliyowapata benki ya RBS ya Uingereza, Juni 2012. Walisasisha programu inayopanga jobu zao za mkupuo, zile zinazokwenda kwa mafungu, ikaleta matatizo, wakaiondoa bila kupima kwanza kuiondoa kutaleta nini. Wateja zaidi ya milioni 6.5 waliguswa, wa Ulster Bank, benki tanzu yao, waliendelea kuhangaika hadi Julai. Novemba 2014 wakapigwa faini ya pauni milioni 56. Fedha zilikuwepo, hifadhidata zilikuwepo. Kilichovurugika ni nani anamfuata nani.

Mengine sina uhakika nayo. Vitabu vinasema kila jobu iweze kurudiwa mara kumi bila kuharibu kitu. Ya malipo nimeiweza: kila malipo yana namba ya kumbukumbu yenye kituo, wakala na tarehe ya biashara, ikijirudia inakataliwa. Ya leja sijaiweza. Ikianguka katikati, naamka na kufuta kwa mkono, na hakuna mahali nimeliandika hilo isipokuwa hapa.

Kuna faili moja la mshirika wetu linalokuja bila mkia wala jina la muda, na hawataki kubadilisha. Ninalolifanyia ni kulipima ukubwa, kusubiri dakika tano, kulipima tena. Likiwa vilevile naamini limetimia. Ni kukadiria chumvi kulekule, nimevalisha koti tu.

Wala sijui kama tulihitaji chombo kikubwa. Tulikaa mwaka tukizungumzia Control-M, programu ya kulipia ya kupanga jobu, mwisho tukachukua nyingine, Airflow, ile iliyoanzia Airbnb 2014, kwa sababu ni ya bure na mimi nilitaka kuijua. Sababu ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Jobu kama 12 za kufagia logi na kufuta mafaili ya muda bado ziko kroni, na sijawahi kuamshwa kwa ajili yake. Na malipo makubwa bado yanasubiri mtu abonyeze kwa kidole. Vijana wangu wanasema huo si uotomatiki. Inawezekana wana haki.

Mhasibu, aliyeanzisha haya yote, anataka ripoti mpya "iende yenyewe". Nimemrudishia maswali matatu: iende saa ngapi, isubiri nini, na hicho inachosubiri kisipofika ifanye nini. Amejibu la kwanza: saa moja. Nimemuuliza ya asubuhi au ya jioni.