Mrija wa nyongo unapobana baada ya mtoto kupandikizwa ini

Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana. Nyongo hukusanywa na vijirija vyembamba vinavyoungana hadi kuwa mrija mmoja unaoimwaga kwenye utumbo, ambako husaidia kusaga mafuta ya chakula. Mtoto akipandikizwa ini, mrija huo huungwa upya. Nyongo ikipenya kwenye mshono na kumwagika tumboni, huo ni mvujo, na kwa kawaida hujitokeza wiki za mwanzo. Mshono ukifanya kovu, na kovu likakaza hadi nyongo ikapita kwa shida, hapo tunasema mrija umebana. Hali hii inaweza kuja miezi kadhaa baadaye, hata miaka.

Watoto wengi hupandikizwa ini kwa sababu mirija yao ya nyongo iliziba na kunyauka tangu uchanga, kwa hiyo hawana mrija wao wa kuungia ini jipya. Daktari mpasuaji huvuta kitanzi cha utumbo mwembamba na kukishonea kwenye mrija wa ini hilo. Na ini lenyewe mara nyingi ni kipande tu alichotoa mama, baba au ndugu, chenye mrija wa milimita chache. Tena mirija ya nyongo hutegemea damu ya ateri ya ini. Ateri ikiziba, mirija huharibika sehemu nyingi kwa mpigo, na wengine hulazimika kupandikizwa tena.

Mzazi asisubiri macho yawe ya manjano. Vipimo vya damu vya ini huweza kupanda mtoto akiwa bado anacheza vizuri. Angalia nepi asubuhi: choo kilichopauka kama udongo mweupe, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Angalia mikwaruzo mikononi na miguuni, maana nyongo ikirudi kwenye damu mwili huwasha mno. Homa yenye kutetemeka ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mtoto huyu anatumia dawa za kuzuia mwili usilikatae ini, na dawa hizo hupunguza kinga.

Kutibu mrija uliobana kwa mtu mzima, mara nyingi kamera hupitishwa mdomoni hadi pale mrija unapoingia kwenye utumbo. Kwa mtoto mwenye kile kitanzi cha utumbo, njia hiyo ni ndefu na yenye kona, ndiyo maana wengi hutibiwa kupitia ngozi. Mtoto akiwa amelazwa usingizi, daktari huingiza sindano kwenye ngozi hadi ndani ya ini akiongozwa na picha, hupenyeza waya mwembamba mahali palipobana, kisha hupuliza puto dogo juu ya waya ili kupanua kovu. Baadaye huacha mpira mwembamba ili njia isijifunge. Mpira huo hukaa wiki au miezi, hubadilishwa, na puto hurudiwa. Kurudiwa hakumaanishi matibabu yameshindwa. Kovu ndivyo lilivyo. Likigoma kabisa, mshono hufanywa upya kwa upasuaji.

Familia nyingi za Afrika Mashariki hupandikiziwa watoto India. Kabla ya kupanda ndege kurudi, ombeni ripoti ya operesheni inayoeleza mrija uliungwa vipi na mahali pangapi. Daktari wa picha atakayempokea mtoto akiwa na homa usiku ataihitaji kabla hajashika sindano.