Majini ya kaunta: yanayosemwa kuhusu baa na migahawa ya Dar, na ukweli wake

Savannah, mji wa mtoni katika jimbo la Georgia, Marekani, mzimu ni biashara. Mji ulianza mwaka 1733, mwaka 1820 homa ya manjano ikaua mamia ya watu, na leo migahawa ya majengo ya kale inajinadi kwa wafu wake. Watalii huzungushwa usiku kwa magari yaliyokuwa yakibeba majeneza, yamekatwa paa ili waone vizuri. Hebu jaribu hilo Kariakoo uone kama utapata abiria!

Dar mambo ni kinyume. Baa ikishasemwa ina majini, wateja wanahama, na kabla hawajahama kuna mhudumu ameshafukuzwa kazi. Ndiyo sababu naona inafaa kuuangalia huu uvumi umesimama juu ya nini.

"Majengo yote ya kale pale mjini yalikuwa magereza ya watumwa, ndiyo maana usiku yanalia."

Boma la Kale, Barabara ya Sokoine, lilijengwa mwaka 1866 na 1867, Sultani Majid wa Zanzibar alipokuwa anauanzisha mji, na kazi yake ilikuwa kuwalaza wageni wake. Majid alifariki mwaka 1870, mji ukadorora mpaka Wajerumani walipokuja. Atiman House, jengo la umri huohuo, limepewa jina la Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, kisha akatibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi alipofariki mwaka 1956. Watumwa Dar walikuwepo, hilo halina ubishi, na mashamba ya minazi ya Majid yalilimwa nao. Ila mateso yao yalikuwa huko mashambani, juani, mahali ambapo hakuna anayempeleka mtalii. Mimi hadithi ya shimo la watumwa chini ya sebule inaniudhi kwa sababu hiyo.

"Ukuta unatoa unga wa mganga."

Unga upo kweli. Nyumba za kale za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko. Kuta hizo zina chumvi, na upepo wa bahari unaiongeza kila siku. Unyevu unaiyeyusha na kuisogeza hadi usoni mwa ukuta. Maji yakikauka, chumvi inabaki fuwele, inaisukuma plasta kwa ndani mpaka inavimba na kubanduka. Asubuhi mfagiaji anakuta mstari mweupe umelala chini ya ukuta, umenyooka kabisa, utadhani kuna mtu kaumwaga kwa vidole. Wengi hukimbilia saruji na rangi ya mafuta, na hapo ndipo wanapoharibu, maana unyevu unakosa pa kutokea. Ukuta wa namna hiyo unataka plasta ya chokaa. Mganga atakayelipwa kuuondoa ataitwa tena masika yakipita.

"Kuna mtoto analia juu ya paa."

Komba huyo. Yuko kwenye miti mikubwa ya vitongoji, hutoka usiku, na sauti yake ukiisikia umelala lazima ushtuke. Kishindo cha bati saa sita za usiku nacho ni bati tu, linapoa baada ya jua la kutwa.

"Stoo ile ina kitu, kila anayekaa humo kichwa kinamzunguka."

Hapa sicheki. Migahawa mingi ya Dar bado inapikia mkaa, na jioni jiko lenye makaa mekundu huingizwa stoo au jikoni, mlango ukafungwa. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, masikio yanavuma, moyo unaenda mbio, mtu anachanganyikiwa na anaweza kuona au kusikia visivyokuwepo. Mwaka 1921 jarida la madaktari wa macho la Marekani lilichapisha kisa cha familia iliyohamia nyumba kubwa ya kale, ikawa inasikia nyayo na kuona watu wasiojulikana. Chanzo kilikuwa tanuri bovu lililojaza moshi nyumbani. Anayetaka kusoma dua asome, lakini kwanza madirisha yafunguliwe na jiko litolewe nje. Gesi hiyo inaua.

Na yule mlinzi anayelala juu ya meza akaamka amekandamizwa kifuani, hawezi hata kupiga kelele? Jinamizi. Ubongo umeamka, misuli bado imelegea kwa usingizi wa ndoto, na huwapata zaidi watu wenye usingizi wa kukatikakatika. Mlinzi wa baa analala lini?

"Mauzo hayaonekani, chuma ulete imepita."

Hii ndiyo inayoumiza watu. Inasemwa noti iliyofanyiwa dawa ikiingia kwenye droo hurudi kwa mwenyewe ikiwa imebeba wenzake. Sasa fungua daftari la kaunta la baa ya kawaida, Sinza au Buguruni. Kuna safu ya stoki ya asubuhi, iliyoongezwa, iliyobaki, na fedha. Safu ya bosi haipo: bia alizowapa rafiki zake, elfu ishirini ya mafuta aliyochomoa saa nne usiku, mzinga aliopelekewa mjumbe. Ongeza mikopo ya wateja wa kudumu ambayo haikuandikwa, chupa zilizovunjika, tots (vipimo vya pombe kali) zilizomiminwa kwa jicho, na chenji ya saa nane za usiku. Chuma ulete wa lipa namba, yaani malipo ya simu, sijamsikia bado. Nadhani anaogopa kwa vile simu inaandika kila muamala.

Kukiwa na shoti, fedha zikipungua, anayelipa ni dada wa kaunta, anakatwa mshahara au anaambiwa ana mkosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inataka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, aandikiwe sababu, kiasi na namna kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Aliyefukuzwa bila haki anapeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na daftari lile la kaunta, kama amelipiga picha, ni ushahidi.