Utetezi wa haki ya afya: maana yake, kwa mfano wa Kivu

Mama amejifungua salama, lakini haruhusiwi kutoka wodini mpaka alipe. Wiki ya kwanza inapita, ya pili inaingia, na deni linazidi kupanda. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo Kivu ni eneo lake la mashariki, mambo haya si mageni, na wengi husema, "Ndiyo umaskini." Mtetezi wa haki ya afya husema huyo mama amevunjiwa haki. Akishasema hivyo, swali linabadilika. Hatuulizi tena nani atamhurumia, tunauliza nani alikuwa na wajibu kwake.

Haki ya afya haimaanishi haki ya kutougua. Hakuna serikali iwezayo kuahidi hilo. Maana yake ni kwamba huduma iwepo, ifikike, mtu aimudu, na atibiwe kwa heshima na kwa ubora. Vinavyozuia maradhi navyo vimo, maji safi yakiwa mbele. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inataja afya katika kifungu cha 47 na maji ya kunywa katika cha 48. Vijana wa LUCHA, vuguvugu lililozaliwa Goma mwaka 2012, walipodai maji ya bomba katika mji ulio ukingoni mwa Ziwa Kivu, walikuwa wakidai afya.

Vitani mambo huwa magumu zaidi, hasa kwa waliosukumwa pembeni: wakimbizi wa ndani, Batwa, wenyeji wa asili wa msituni, waliotolewa msitu wa Kahuzi-Biega, wanawake waliobakwa. Hospitali yenyewe hugeuka shabaha, ingawa Mikataba ya Geneva ya 1949 inakataza. Katika hospitali ya Lemera, Kivu Kusini, Oktoba 1996, wagonjwa waliuawa vitandani mwao.

Chukua pia Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, Agosti 2018 hadi Juni 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200. Wakazi wengi wa Beni, mji wa Kivu Kaskazini, waliwashuku watu wa Riposti, kama walivyoitwa waliokuja kupambana na ugonjwa. Ni rahisi kuwaita wajinga. Lakini eneo lao lilikuwa likishambuliwa na watu wakichinjwa tangu 2014, na sasa magari na fedha vilikuja kwa ajili ya ugonjwa mmoja tu. Desemba 2018 upigaji kura ukaahirishwa kwao, Ebola ikitajwa kuwa sababu, na hasira ikaishia kwenye kituo cha wagonjwa. Kushambulia kituo hakuna utetezi ndani yake, kunaua. Ila swali lililokuwa chini ya hasira ile, yaani nani anaamua ugonjwa upi una uzito, ni swali la haki kabisa.

Na utetezi hauhitaji ofisi. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa mganga mkuu wa hospitali ile ya Lemera, alianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu mwaka 1999, ikawa kimbilio la wanawake waliobakwa. Oktoba 2012 alinusurika kuuawa nyumbani kwake, akaikimbia nchi. Wanawake wa Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, ambao wengi wao hawakuwa na kitu, walimwandikia rais wakitaka daktari wao arudi na alindwe. Kisha wakauza mananasi na vitunguu kuchangia tiketi yake. Januari 2013 akarudi, akawakuta barabarani wakimsubiri.